Miezi minne kwenye ofisi ya kulipia kwa mwezi karibu na Mahakama Kuu: angalieni ukuta kwanza

Haya wadau, kabla sijaongea sana oneni kwanza hapa dirishani. Ule mnara ni Azania Front, kanisa la Walutheri, Wajerumani walianza kulijenga 1898, na ukifuata barabara ya Kivukoni upande wa bahari unaikuta Mahakama Kuu. Mimi nikitoka hapa na joho mkononi ni dakika sita kwa mguu, nimepima mwenyewe. Hiyo ndo iliyonileta hapa, na ndo maana wengi mnanitumia meseji, wakili hizo ofisi za kulipia kwa mwezi pale Posta zikoje, zinafaa au ni kupigwa tu? Nimekaa miezi minne sasa, leo nawaambia. Jina la jengo silitaji, maana haya ninayosema mtayakuta kwenye majengo mengi huku mjini.

Kwanza mnijue. Uwakili wangu ni mwaka wa tatu, niko peke yangu na karani mmoja, sina ile firm ya mawakili kumi. Na nyie mnajua Dar ilivyo, ukienda kukodi ofisi ya kawaida mwenye jengo anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, dalali naye anasubiri ya kwake, halafu unakabidhiwa chumba kitupu, meza ununue, kiyoyozi ununue, intaneti uvute mwenyewe. Mtu ameapishwa juzi anaitoa wapi hiyo hela? Hapa nilitoa dipoziti na mwezi wa kwanza, Jumatatu nikaingia nikakuta meza, viti, waifai, dada wa mapokezi, chumba cha mikutano na jenereta. Kwa hilo nawapa maksi zote, kwa kweli limenisaidia kuanza.

Raha ya kuwa karibu na mahakama niiseme bila kuipunguza. Kesi imepangwa saa tatu asubuhi, wewe unakaa Mbezi, foleni unaijua. Zamani nilikuwa natoka nyumbani kumi na moja alfajiri na bado nafika nimelowa jasho, joho la kwenye begi limekunjamana, na joto la Dar la mwezi wa pili halina huruma. Sasa hivi nashuka mwendokasi kituo cha mwisho Kivukoni, napita ofisini, napumua, nabadilisha nguo, nasoma faili tena mara moja, ndo naenda. Kesi ikiahirishwa, na mnajua zinavyoahirishwa, sikai kwenye benchi kupoteza siku, narudi hapa nafanya kazi. Mahakama ya Kisutu pia naifikia. Mteja wangu mzee kutoka Kigamboni anashuka kwenye pantoni anatembea mdogomdogo mpaka hapa, hapandi gari nyingine.

Lakini kabla hujatoa hela yako jiulize kazi zako ziko wapi, maana huu mtaa wa sheria sio ule wa zamani. Tangu kanuni za 2018 tunafungua mashauri kwa mtandao, ile karani kukimbia na mafaili masjala imepungua sana. Kesi za mirathi na ndoa ziko Temeke, kwenye kile Kituo Jumuishi cha mahakama. Mahakama ya Rufani, ambayo ipo tangu 1979 na wengi tumeizoea pale kwenye lile jengo lililokuwa klabu ya wakoloni, makao makuu yake sasa ni Dodoma. Kwahiyo kama kazi yako kubwa ni mirathi, ndugu yangu, unalipa bei ya Posta halafu kila wiki unapanda gari kwenda Temeke, haina maana, tafuta chumba huko huko. Mimi kesi zangu nyingi ni za ardhi na madai, nyingi ziko huku, ndo maana kwangu inalipa.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya nishike kamera leo.

Ukuta. Oneni huu hapa, nagonga... mnasikia? Jipsamu. Na upande huu kioo na aluminiamu, kinapendeza kwenye picha, mwanga unaingia vizuri. Sasa pandisha kamera juu, hiyo ni dari ya kuning'inia, na huu ukuta umeishia hapo hapo kwenye dari, haujaenda mpaka kwenye zege. Juu ya dari kuna uwazi unaounganisha vyumba vyote vya hii korido, sauti inapanda, inavuka, inashukia kwa jirani kama vile hakuna ukuta.

Nimelijuaje? Mwezi wa pili alikuja mama mmoja, ana mgogoro wa kiwanja na ndugu wa marehemu mumewe, akaongea kama saa nzima, akalia, akaniambia mambo ambayo hajamwambia hata mwanae. Kesho yake nipo kwenye korido nachota maji, jirani yangu, kijana mzuri tu wa biashara za mtandaoni, hana ubaya wowote, ananiuliza, "Wakili, yule mama wa kiwanja jana alikuwa analia, mtamshindia kweli?" Aisee. Niliishiwa nguvu. Nikarudi ndani nikakaa, sikufanya kazi asubuhi ile.

Maana siri ya mteja sio heshima tu ambayo ukipenda unampa. Sheria ya Ushahidi yenyewe inamzuia wakili kutoa aliyoambiwa na mteja wake kwa ajili ya kazi bila mteja kukubali. Mimi sikutoa, ukuta ndo umetoa, lakini nenda kamweleze hivyo yule mama. Nilimpigia nikamwambia ukweli na nikamwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, sawa mwanangu, ila tukikutana tena tukutane nje.

Nilimfuata meneja, akaahidi watajaza sufi juu ya dari. Mpaka leo bado.

Na kinachoniuma zaidi, tumezungukwa na majengo ambayo tatizo hilo halipo. Nendeni pale Old Boma, ya zama za Sultan Majid miaka ya 1860, mguse kuta za matumbawe zilivyo nene, ukifunga mlango umefunga kweli. Sisi tumekuja na vioo.

Kwahiyo ukienda kuangalia chumba fanya hivi. Weka simu yako mezani icheze taarifa ya habari, sauti ya mtu anavyoongea kawaida, funga mlango, kisha omba uingie chumba cha jirani. Ukisikia mvumo tu sio mbaya. Ukisikia maneno, usisaini. Dalali atakuona msumbufu, mwache akuone hivyo.

Mengine haraka haraka. Hela: bei unayoambiwa uliza kama VAT imo, maana kama wamesajiliwa kiwango cha kawaida ni 18% juu yake, chumba cha milioni moja kinakuwa milioni moja na laki moja na themanini. Uliza pia mkataba na risiti vitaandika pango au huduma, kwa sababu kodi za zuio, zile mlipaji anazozikata kwenye malipo kabla ya kulipa, hazifanani, ya pango ni 10%, unaikata wewe unaipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, ukisahau deni linakuwa lako sio la mwenye jengo. Kuprinti hapa wanahesabu kwa kurasa, na wakili anaprinti jamani, mwezi wa kwanza bili ilinishtua, sasa nina printa yangu. Kiyoyozi kinazimwa saa kumi na mbili jioni hata kama unaandaa hoja za kesho. Dada wa mapokezi ni mzuri, anawapokea wateja vizuri, anawapa maji, wazee wanamsifia.

Je, naondoka? Hapana, ila nahama chumba. Mwisho wa hii korido kuna kimoja kidogo, hakina dirisha la baharini, kiko bei juu kidogo, lakini kuta tatu ni za tofali na ukuta wa nne umefika mpaka kwenye zege, nilipanda kiti nikaangalia kwa macho yangu. Jana nimeweka redio mle ndani, nikasimama chumba cha pili, sikusikia neno hata moja. Naingia tarehe moja, na mteja wa kwanza nitakayemwita mle ndani ni yule mama.