Rovaniemi au Tromsø: uzoefu wangu wa safari mbili za kaskazini ya mbali

Majira ya baridi yaliyopita tulikaa siku nne Rovaniemi, nchini Finland, mwanzoni mwa Desemba, kisha siku tano Tromsø, nchini Norway, katika wiki ya kwanza ya Januari. Tulikuwa wanne: mimi na mke wangu, tunaoishi kusini mwa Sweden, binti yetu wa miaka sita, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tangu turudi, ndugu na marafiki wananiuliza waende mji upi, na karibu wote huanza na swali la wapi mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayopepea angani usiku, huonekana zaidi, ilhali kwa niliyoyaona, la kwanza kujiuliza ni unasafiri na nani na anaweza kustahimili baridi ya namna gani.

Rovaniemi ipo karibu kabisa na Duara la Aktiki, mstari wa ramani unaozunguka eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, mbali na bahari, na baridi yake ni kavu. Asubuhi ya pili kipimajoto kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri, na pumzi ya mama iliganda kwenye ukingo wa mtandio wake ikawa chembe nyeupe mithili ya chumvi. Hata hivyo hakulalamika, kwa kuwa hapakuwa na upepo na theluji ilikanyagika bila kuteleza. Tromsø ipo kilomita zipatazo 350 kaskazini mwa Duara hilo, lakini mkondo wa maji ya vuguvugu ya Atlantiki huizuia bandari yake isigande, hivyo tulikuta nyuzi 2 au 3 tu chini ya sifuri. Taabu yake ni unyevunyevu: theluji huyeyuka, ikaganda tena, na vijia vya miteremko vikawa kama kioo. Siku ya kwanza mama aliteleza mlangoni pa nyumba tuliyopanga, akaumia kiwiko. Tangu hapo hakutoka bila vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, na ninamsihi kila anayekwenda huko avinunue siku ileile anayofika.

Jambo jingine ni giza. Rovaniemi tulipata jua kwa muda wa saa tatu hivi kwa siku, likitambaa juu ya misonobari, lakini Tromsø jua halichomozi kabisa takriban kuanzia 27 Novemba hadi 15 Januari. Mama aliniuliza, "Mwanangu, Alfajiri na Magharibi tutazijuaje hapa?" Tukakubaliana kufuata saa za Makka. Adhuhuri anga huwa na weupe wa samawati kwa saa chache, na bahari, theluji na milima yote hupakwa rangi hiyohiyo. Mke wangu aliupenda mno mwanga ule, lakini binti yetu alipoteza mpangilio wa usingizi na akawa analia kwa jambo dogo.

Kwa mtoto, Rovaniemi haina mshindani. Kijiji cha Baba Krismasi kipo kilomita 8 kutoka katikati ya mji, basi linafika, na kumwona mwenyeji wake ni bure. Wanalipisha picha, na bei yake si ndogo. Kilichomfurahisha binti yetu zaidi ni kulungu wa kaskazini, alipomlisha kuvumwani kavu, chakula chake cha porini, kiganjani akaihisi midomo yake laini. Chakula hakikutusumbua katika mji wowote, kwa kuwa samaki wapo tele, ila Tromsø ni ghali na tulipika wenyewe karibu kila siku.

Kuhusu mianga, Rovaniemi tuliiona mara moja tu, ukanda hafifu wa kijani juu ya mto Ounasjoki. Tromsø ipo mahali pazuri zaidi, lakini mawingu ya bahari ni mengi. Usiku wa kwanza tulilipa kampuni iliyotangaza kwamba ingetupeleka hata Finland kutafuta anga safi, nayo ikatusimamisha kwenye maegesho baada ya dakika 40, chini ya wingu zito, na haikurudisha hata senti. Iliniuma, kwani mama alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa wiki nzima. Usiku wa tatu tulimpata mwongozaji mwingine ambaye kabla ya kupokea fedha alituonyesha ramani ya mawingu, kisha akatuendesha hadi upande wa Skibotn, ambako milima huzuia mvua ya bahari. Tuliposhuka garini, pazia la kijani lenye pindo la zambarau lilikuwa likipepea kutoka upeo hadi upeo. Mama alisema "Subhanallah," akabaki kimya mpaka chai ikapoa mkononi mwake. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza mwongozaji yuko tayari kwenda umbali gani, na usikubali jibu la jumlajumla.

Mama akija tena nitampeleka Rovaniemi, mwezi Machi, mchana ukiwa umerefuka. Tromsø tutarudi mimi na mke wangu tu, mwishoni mwa Februari, jua likiwa limerejea na usiku ukiwa bado mrefu.