Betri ya gari Malindi: soma tarehe kabla ya kuuliza bei

Kila Julai malalamiko ni yale yale. Gari la Malindi linawaka asubuhi kwa kugusa tu. Linapandishwa bara kwa harusi au matanga, linalala Limuru au Nyahururu, na kukicha ni tik-tik-tik: taa za dashibodi zinafifia, injini haizunguki. Mwenye gari analaumu baridi. Lakini baridi imemfichulia tu. Betri ile iliuawa na joto la pwani, na mara nyingi ilianza kufa ikiwa bado kwenye rafu ya duka, kabla hajailipia.

Joto hukimbiza kila kitu ndani ya betri. Maji hupungua, mabamba ya risasi huliwa, na chaji huvuja yenyewe hata bila kuunganishwa na waya wowote. Kwa makadirio, joto likiongezeka nyuzi 10, uvujaji huo huwa maradufu. Tena joto hilo hilo huficha ugonjwa, kwa kuwa oili huwa nyepesi na betri iliyochoka bado huweza kuizungusha injini. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Alfajiri ya Julai kule oili imekuwa nzito, hasa ukiwa umetia oili nzito ya 20W-50, na stata inadai umeme mwingi zaidi huku betri ikiwa na wa kutoa mchache. Hata betri nzima, ikifika nyuzi 0, hubakiwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu zake za kuwashia. Iliyochoka haina cha kupunguza.

Kwa hivyo sitakuchosha na rangi ya kasha wala maneno makubwa ya kwenye stika. Saizi ni ile iliyo kwenye gari lako. Probox na Fielder nyingi huvaa 46B24L, ile ambayo madukani huitwa NS60. Jihadhari na herufi ya mwisho tu: 46B24L ina vichwa vyembamba (vile vinundu viwili ambako vibano vya waya hushika), 46B24LS ina vichwa vinene. Ukiuziwa isiyo yako, fundi atavipanua vibano kwa bisibisi, au atachomeka kipande cha bati kati ya kibano na kichwa, na tik-tik mpya itaanzia hapo hapo. Hakikisha pia upande wa chanya unalingana na wa betri ya zamani, maana waya hautavutika kuufikia.

Sasa tarehe. Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi na wauzaji hawalitaji. Betri ya maji iliyokwisha kutiwa asidi huanza kupoteza chaji siku ile ile inapotoka kiwandani. Ikikaa na chaji pungufu, salfeti, ukoko unaojengeka juu ya mabamba, huwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haitafanya kazi tena hata uichaji wiki nzima. Duka la bati lisilo na feni, mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma: hapo miezi sita ni umri mkubwa. Tafuta alama ya tarehe iliyogongwa kwenye kifuniko, ubavuni au juu ya kichwa. Baadhi ya viwanda hutumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari, na tarakimu kwa mwaka. Mwambie muuzaji akusomee. Akisema hajui, au ukikuta stika ya duka imebandikwa juu ya alama, ondoka. Chini ya miezi mitatu ni nzuri. Kati ya mitatu na sita, pima kwanza. Zaidi ya hapo usinunue, hata akipunguza bei.

Kupima nako kuna namna yake. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu, na 12.2 ni nusu. Lakini muuzaji mjanja huiweka kwenye chaja asubuhi, na mita ya volti ikakuonyesha 12.9 ya juu juu. Nenda na balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 iliyofungwa waya mbili. Iunganishe kwenye vichwa kwa dakika tano, iondoe, subiri dakika mbili, ndipo upime. Betri nzima itabaki 12.5 au zaidi. Ile ya ovyo utaiona mapema: balbu inaanza kuwa ya manjano ukiitazama, na mita inashuka chini ya 12.3. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika saba kwa kitu cha maelfu ya shilingi anajua anachokiuza.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha kwanza ni betri kweli. Tik-tik ya haraka ni betri dhaifu au vibano vichafu. Mlio mmoja mzito, tak, huku taa zikibaki kali, ni stata au waya wake. Injini ikizunguka vizuri na isiwake, tafuta kwenye mafuta au plagi, na kwa dizeli kwenye plagi za kupasha moto. Hapa pwani vibano ni washukiwa wakubwa, kwani upepo wa chumvi huvipandisha unga mweupe na wa kijani. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe na nyingine juu ya kibano, mtu awashe. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea kwenye uchafu. Fungua hasi kwanza kwa spana namba 10, kisha chanya. Yeyusha vijiko viwili vya magadi soda kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sugua kwa brashi ya waya bila kuruhusu tone liingie kwenye vifuniko, suuza, kausha, funga chanya kwanza, kisha paka vaselini juu. Halafu pima alteneta, kile kinachoichaji betri, injini ikiwa inaunguruma: volti 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ikipita 14.8 itaichemsha betri yoyote utakayonunua.

Chaguo langu la kwanza, bila kuzunguka, ni Chloride Exide. Inatengenezwa Nairobi, kwa hiyo haijapitia wiki nyingi ndani ya kontena baharini na bandarini kabla ya kufika rafuni, na kwa mtu anayehesabu miezi kama mimi hiyo inatosha. Ukipata ya vifuniko vya kufungua, ichukue hiyo badala ya iliyozibwa. Joto la Malindi hunywa maji, na betri iliyozibwa huwezi kuirudishia. Ifungue kila mwezi. Maji yafunike mabamba kwa kama sentimita moja. Ongeza maji ya betri ya dukani tu. Maji ya kisima cha Malindi yana chumvi na huua mabamba. Asidi usiongeze kamwe, kwa sababu kilichopungua ni maji.

Ya pili ni Yuasa au Amaron, zote nzuri, na Amaron iliyozibwa inamfaa asiyefungua boneti. Lakini zimesafiri, kwa hivyo tarehe na balbu ni lazima. Bosch na Varta nazipa nafasi ya tatu, hasa kwa magari ya Ulaya yenye vichwa vilivyozama ndani ya kasha. Demio nyingi za SkyActiv zinazojizima kwenye foleni zinataka Q-85, betri iliyoundwa kwa kuzima na kuwasha mara kwa mara. Ukitia ya kawaida itakufa mapema.

Za bei ya chini zisizo na jina, na zile “zilizofufuliwa”: acha.

Kinachoudhi zaidi ni biashara ya betri mbovu. Unamwachia muuzaji ile ya zamani, anakupunguzia kidogo, naye anaiuza kwa kilo kwa bei asiyokwambia. Dai upunguziwe ipasavyo, na uulize inakokwenda. Si swali la utani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Usimuuzie mtu wa mkokoteni atakayemwaga asidi mtaroni.

Na garantii. Wauzaji wengine hukujazia kadi bila tarehe na bila muhuri, kisha betri ikifa wanasema haikununuliwa kwao. Tarehe ya kununua, namba iliyogongwa kwenye betri na muhuri viandikwe mbele yako, na upige picha kadi ikiwa juu ya betri yenyewe.

Neno kwa wanaoegesha Mokowe na kuvuka Lamu kwa boti. Kengele ya wizi na redio vikila milliampea 50, ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa siku 20 ni 24, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45, na hapo salfeti imeshaanza kugandamana. Betri mpya haikuondolei hilo. Fungua kibano cha hasi, kifunge kwa kitambaa kisiguse kichwa, uchukue spana yako, uvuke.