Chai ya Saa Nne Jijini Mwanza: Mahali pa Kununua, Kuanzia Bora Zaidi

Supu nzuri ya samaki jijini Mwanza haimsubiri aliyeamka saa tatu. Masufuria hubandikwa kabla ya mapambazuko, wateja wa kwanza huwa wapagazi, madereva na wachuuzi walioanza kazi usiku, na ifikapo saa nne kinachobaki katika mabanda mengi ni mchuzi na vipande vya mkia. Mikahawa yenye viti vya kuegemea, kwa upande wake, saa hiyo ndiyo kwanza inafuta meza. Kwa hiyo mtu anayetafuta mlo ule wa kati ya staftahi na chakula cha mchana, ambao siku hizi wengine huuita branchi lakini wazazi wetu waliujua kama chai ya saa nne, hana budi kujiuliza kwanza ananunua nini: samaki, kivuli cha kando ya ziwa, au kahawa. Ni nadra kuvipata vyote mahali pamoja, na anayelipia kimoja akidhani amelipia vyote ndiye anayerudi nyumbani akinung'unika.

Nimepanga machaguo haya kwa kutanguliza chakula chenyewe, na hasa chakula ambacho Mwanza inakiweza kuliko miji mingine. Mayai na soseji hata Dodoma vipo. Sato, yaani tilapia, aliyevuliwa usiku wa kuamkia leo, Dodoma hawezi kuwapo.

Nafasi ya kwanza, bila kusita, ni ya supu ya sato katika mabanda ya mama lishe yaliyo karibu na mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, hasa upande wa Kirumba, kulizunguka soko la samaki la Mwaloni. Soko hilo linafahamika zaidi kwa dagaa wakavu na kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi, ambao husafirishwa hadi Kongo, na mgeni atalitambua kwa harufu kabla hajaliona. Harufu hiyo isimrudishe mtu nyuma. Mahali ambapo wavuvi na wafanyabiashara wa samaki wanakula, mpishi hathubutu kuwauzia samaki wa juzi, kwa kuwa watamtambua kabla ya kijiko cha pili.

Mteja asione aibu kuomba kuonyeshwa samaki kabla hajaingia chunguni, kwa sababu ni jambo la kawaida na mama lishe mwenye mali nzuri hufurahi kuulizwa. Macho ya sato yawe angavu na yaliyotuna, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Jambo la pili la kuuliza ni kama sato huyo ni wa ziwani, aliyejikulia huru, au wa vizimba, aliyefugwa ndani ya nyavu ziwani. Ufugaji wa vizimba umeenea katika ufukwe wa Ziwa Victoria, na sato wa vizimba hulingana ukubwa kama matofali ya tanuru moja, wana mafuta mengi zaidi, na kwa kuchoma au kukaanga sina ugomvi nao. Kwa supu, hata hivyo, nachagua wa ziwani, ambaye nyama yake imekaza na haivunjikivunjiki katika mchuzi. Tunamsifu sato kana kwamba ni mwenyeji wa asili, ilhali yeye na sangara wote wawili waliingizwa katika ziwa hili kuanzia miaka ya 1950. Mwenyeji hasa ni ngege, ambaye sasa ni adimu kiasi kwamba vijana wengi wa mjini hawajawahi kumuonja.

Upishi unaofaa kwa saa hizo ni chukuchuku: samaki, maji, chumvi, nyanya, kitunguu, tangawizi kidogo na hoho, bila mafuta ya kupikia. Ndimu hukamuliwa mezani na mlaji mwenyewe, na pilipili huwekwa pembeni. Banda linaloleta supu nyekundu iliyojaa nyanya ya kopo na viungo vya pakiti huenda lina jambo linalolificha. Chapati iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi, ambayo bado ina makunjo yanayoachana, ndiyo ya kuagiza. Iliyofungiwa kwenye hotipoti tangu alfajiri huwa imelowa jasho lake yenyewe na kuwa kama kitambaa. Mabanda mengi huuza chapati kwa Sh500, lakini bei ya bakuli la supu hufuata ukubwa wa samaki, na kwa hiyo ni lazima iulizwe kabla ya kuketi. Mwenye njaa ya kazi nzito aulizie kichwa cha sangara, kwani kimoja kinatosha watu wawili na kina nyama laini mashavuni ambayo wasiokijua kichwa hicho huitupa.

Dagaa wabichi wa kukaanga nao huuzwa asubuhi, lakini kalenda yao ni mwezi wa angani. Wavuvi huwavua usiku kwa mwanga wa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hizo hazivuti kitu, hivyo katika siku za mwezi mpevu dagaa wabichi huwa wachache na bei hupanda. Anayewataka aje siku za giza.

Kasoro za chaguo hili sizifichi. Mabenchi ni ya mbao, vivuli ni vya turubai, maegesho ya gari ni bahati, na mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa matope. Mtu aliyemchukua mkwe wake aliyevaa kanzu nyeupe asimlete hapa.

Mkwe huyo apelekwe kwenye chaguo langu la pili, ambalo ni migahawa ya mjini kati, katika mitaa iliyo baina ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Kenyatta. Hii ni migahawa ya meza za fomeka, birika kubwa la chai ya maziwa iliyotiwa hiliki na tangawizi, na kabati la kioo lenye sambusa, katlesi, vitumbua na mandazi. Faida yake kubwa ni kwamba huduma haikatiki kati ya asubuhi na mchana, na ndiyo maana ni hapa tu ambapo mtu aliyechelewa hadi saa nne na nusu hupata mlo kamili bila kuambiwa kimebaki hiki na kile. Chapati kwa maharage ya nazi, au kwa rosti ya maini, ndiyo ninayoiagiza. Sambusa nazipima kwa ukingo: ukingo mkavu unaovunjika ni wa leo, na ukingo mgumu kama ngozi umepashwa moto. Supu ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, hupatikana pia katika baadhi ya migahawa hiyo, nzito na ya kunata midomoni, ingawa mgeni asiende kuisaka kwenye Barabara ya Makongoro kwa kufuata jina. Wakati wa Ramadhani baadhi ya migahawa hii hufungwa mchana na kufunguliwa jioni, basi ni busara kuulizia kwanza.

Katika chaguo la tatu samaki si mfalme tena, bali ziwa lenyewe ndilo linalouzwa. Hoteli za ufukweni, kama vile Hotel Tilapia iliyoko Capri Point na Malaika Beach Resort iliyoko Ilemela, zina kitu ambacho Mwaloni haiwezi kukitoa: kiti kizuri, choo safi, upepo wa ziwa na mandhari ya mawe makubwa yaliyoipa Mwanza jina la Jiji la Mawe. Asubuhi ni wakati mzuri wa kuketi huko, maana anayetazama ziwa kuelekea magharibi huwa ameliacha jua mgongoni, na mawe hupata mwanga mzuri bila macho kuumia. Jioni jua hilohilo humkabili mtu usoni, ingawa wapiga picha ndio huipenda saa hiyo.

Tatizo la hoteli ni saa na mfumo wa malipo. Kifungua kinywa cha kujipakulia kimepangwa kwa ajili ya wageni waliolala, na anayetoka nje hulipa bei moja hata kama atakula papai na kikombe cha chai. Niliwahi kufika katika hoteli moja, ambayo sitaitaja, dakika kumi kabla ya saa nne, nikalipa kiasi kamili, kisha nikawashuhudia wahudumu wakiondoa sahani za matunda huku kijiko changu kikiwa hewani. Tangu siku hiyo nauliza mambo matatu mlangoni: meza inafungwa saa ngapi, bei iliyotajwa inajumuisha VAT ya asilimia 18 au itaongezwa kwenye bili, na kama inawezekana kuagiza kitu kimojakimoja kutoka kwenye menyu. Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, chaguo hili hupanda hadhi mara moja, kwa sababu mtu anaweza kulipia kahawa na toasti tu kisha akalitazama ziwa kwa saa mbili.

Mikahawa mipya yenye mashine za kahawa, ndani ya majengo ya biashara kama Rock City Mall na katika mitaa ya katikati ya jiji, naiweka ya nne, na najua vijana watalalamika. Viti ni laini, intaneti ipo, keki zinapendeza machoni. Lakini kahawa nyingi inayotiwa katika mashine hizo husifiwa kwa kutoka mbali, ilhali ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, kuna robusta inayolimwa tangu enzi za mababu, na upande wa Tarime mkoani Mara kuna arabika ya milimani. Mkahawa unaoweza kumwambia mteja kahawa yake imetoka wapi na imekaangwa lini unastahili kupandishwa nafasi ya pili. Usioweza kujibu ubaki ulipo. Anayeagiza kahawa ya Kagera azingatie kwamba robusta ina kafeini karibu maradufu ya arabika, kwa hiyo vikombe vitatu kabla ya saa sita vitamkesha usiku.

Kwa wasiojali viti, muuza kahawa wa kutembea na birika lake la makaa hutoa kikombe kidogo cha kahawa chungu pamoja na kashata ya karanga kwa bei ndogo kabisa. Sikumpa nafasi katika mpangilio kwa sababu hana mahali. Hupatikana alfajiri na jioni, na saa nne huwa amelala.

Nafasi ya mwisho ni ya hoteli za ghorofa za katikati ya jiji, ambazo zina mayai, soseji na juisi ya pakiti, na ambazo zinamfaa mwenye kikao jengo hilohilo.

Kuna chakula kimoja kinachonisikitisha kukikosa karibu katika sehemu zote nilizozitaja. Katika nyumba za Wasukuma, chai ya saa nne ni michembe iliyochemshwa, au matobolwa, pamoja na karanga na maziwa ya mgando. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kuanikwa, tofauti ambayo wauzaji wa sokoni hucheka mtu anapoichanganya. Vyote viwili hununuliwa sokoni vikiwa vikavu, na kuvipika nyumbani hakuhitaji ustadi. Mkahawa utakaoviweka kwenye menyu utaniona kila wiki.

Siku ya kwenda nayo ina uzito wake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na baadhi ya wafanyabiashara huchelewa kufungua. Jumapili, familia zinazotoka ibadani hujaza hoteli za ufukweni, na meza za kivulini huisha mapema. Fedha taslimu zinahitajika mabandani, ingawa wengi sasa wana namba ya kulipia kwa simu. Kadi ya benki ni ya hotelini na kwenye mikahawa mikubwa.

Mimi mwenyewe, ninapokuwa na mgeni na asubuhi nzima, humgawia Mwanza kwa awamu mbili. Saa moja na nusu tunakuwa Kirumba mbele ya bakuli la sato, ambapo mgeni hula kuliko alivyokusudia. Kisha tunachukua bajaji kupitia mjini hadi Capri Point, na saa nne tunaagiza kahawa peke yake, ambayo hakuna mhudumu anayetukataza kuinywa polepole hadi saa sita.