Inveta ya Deye ya kilowati 5 kwenye nyumba ya tokeni: chombo ni kizuri, mchunge anayekifunga

Tangu tufungiwe inveta ya Deye ya kilowati 5 hapa Mombasa, pamoja na paneli 8 za wati 550 na betri ya volti 48, majirani wameniuliza mara nyingi kama chombo hiki kinastahili pesa zake. Kinastahili. Hata hivyo, wiki mbili za mwanzo zilitutia hasara, na hasara hiyo haikutokana na inveta bali na mikono ya walioifunga.

Kazi yake huifanya vizuri. Hupokea umeme wa DC (wa mkondo mnyoofu) kutoka kwenye paneli, huugeuza kuwa AC (umeme wa mkondo geu, unaotumiwa na vifaa vya nyumbani) ya volti 240 na hezi 50 inayokwenda sambamba na umeme wa Kenya Power, na hivyo friji na pampu ya maji hutumia jua kwanza, kisha pengo likibaki hujazwa na gridi, yaani mtandao huo wa Kenya Power, bila taa kutikisika. Stima ikipotea, inveta hujitenga na gridi papo hapo, ili isipeleke umeme kwa fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba waya umekufa. Kwa sababu hiyo hiyo, inveta ya gridi isiyo na betri huzima hata saa sita mchana jua likiwaka, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi mpaka mteja amekwisha kulipa. Yetu ni ya mseto, kwa hiyo betri huendelea kulisha vifaa tulivyoviunganisha upande wake wa dharura.

Sasa nieleze hasara. Siku ya tatu, adhuhuri, nyumba ikiwa na friji na feni moja tu, niliona taa nyekundu ya mita ikipepesa karibu kila sekunde. Mita yetu imeandikwa kwamba hupepesa mara 1,000 kwa uniti moja (kilowati moja kwa saa nzima), maana yake ilikuwa ikihesabu zaidi ya kilowati 3, wakati matumizi yetu hayakufika hata nusu kilowati. Mafundi walikuwa wameiacha inveta katika hali ya kuuza umeme kwenye gridi, na kile kihisi cha CT, kibanio kidogo kinachokumbatia waya mkuu unaotoka kwenye mita na kuiambia inveta umeme unaopita hapo ni kiasi gani na unaelekea wapi, kilikuwa bado kimo ndani ya boksi. Mita yetu ya tokeni, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, haitofautishi umeme unaotoka na unaoingia, hivyo kila uniti ya jua tuliyoitoa tuliilipia kana kwamba tumeitumia. Nilipowapigia simu waliniambia nisubiri mita izoee, jibu ambalo bado linaniudhi, kwa maana mita haina cha kuzoea.

Fundi mwingine, mwenye leseni ya T3 ya Epra, mamlaka ya kudhibiti kawi nchini, leseni ambayo ndiyo inayohusu mifumo ya kuunganishwa na gridi, alikifunga kihisi kwa muda usiozidi nusu saa. Aliwasha pasi ili ahakikishe kwamba mshale wa kihisi umeelekea upande unaofaa, kwani ukigeuzwa inveta husoma umeme unaoingia kama unaotoka, kisha akazima kabisa uuzaji. Tangu hapo taa ya mita hutulia mchana kutwa.

Kuuza kihalali kunawezekana. Sheria ya Kawi ya 2019 imeruhusu, na kanuni za 2024 zinampa mteja nusu ya kila uniti anayoitoa kama akiba ya kupunguzia bili, lakini lazima kwanza kuwe na mkataba na mita ya kuhesabu pande zote mbili. Sisi hatujafika huko.

Ningeinunua tena inveta hii, ila malipo ya mwisho ningeyashika mpaka fundi asimame nami mbele ya mita saa sita mchana, jua likiwa kali, tuitazame ile taa pamoja.