Duka la nyimbo Tabora linalotunza kazi za wanamuziki wasiosikika redioni

Kwa anayependa muziki wa kusikilizwa kwa utulivu, duka dogo la kuingiza nyimbo kwenye flashi, lililo jirani na stesheni ya reli ya Tabora, linastahili kutembelewa. Bongo Fleva na injili zimo tele, na bendi ya zamani ya Tabora Jazz haikukosekana, lakini kilichonivuta ni namna mwenye duka anavyozitunza kazi za wanamuziki wa asili ambao redio huwapita.

Katika maduka mengi utapewa faili lenye namba tupu, lisilo na jina la mwimbaji wala mwaka, na hapo ndipo kazi ya mtu huanza kupotea ilhali bado inasikika. Hapa albamu huwekwa nzima, kwa mpangilio wake, jina la msanii likitangulia. Nilipoomba nyimbo za Hukwe Zawose, mzee mwenye duka aliuliza, “Mwanangu, unataka za ngoma, au za ilimba na zeze?” Ilimba ni ala yenye ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole. Kisha akanivisha hedifoni nisikilize kwanza albamu ya “Chibite” ya mwaka 1996. Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, husifiwa zaidi kwa sauti yake iliyoweza kushuka na kupanda kupita kiasi. Kwa maoni yangu, utajiri wake mkubwa umo katika ule mvumo mwembamba unaobaki baada ya kidole kuuachia ulimi wa chuma wa ilimba, ambao spika kubwa yenye besi huumeza wote.

Mzee huyo huyo alinipa albamu ya “Pink Moon” ya mwanamuziki Mwingereza Nick Drake, iliyotoka mwaka 1972: dakika zisizofika thelathini za sauti na gitaa, na piano kidogo katika wimbo mmoja tu. Haikuuzika sana, na Drake alifariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26, kabla dunia haijamsikiliza. Nilifurahi mno kuikuta Tabora.

Wapiga zeze wa Kinyamwezi, wenyeji wa hapa hapa, ni wachache mno katika hazina hiyo. Pia sikuona utaratibu wowote wa kuwalipa wanamuziki au warithi wao, jambo linaloniumiza, kwani anayewaheshimu hivi angefaa kuwa wa kwanza kudai haki yao.

Nenda asubuhi, kabla spika ya nje haijawashwa, na uchukue flashi yenye nafasi ya kutosha, maana mzee hakubali kuikata albamu vipande.