Waambie waanze na upande wa pili: kibanda cha santuri cha Kenyatta Market

Ukiingia Kenyatta Market, Nairobi, utapokewa na wasusi kabla ya mtu mwingine yeyote. "Dada, kusuka? Njoo ukae hapa." Ukiwaponyoka hao, moshi wa nyama choma unakungoja. Jumanne iliyopita nilipita kote huko saa nne asubuhi bila kusimama, maana nilikuwa nimeshasikia gitaa likitoka ndani. Nilikuwa naelekea kibanda namba 570, Real Vinyl Guru, cha Jimmy Rugami, ambaye anajulikana mji mzima kwa kuuza santuri za zamani na kufufua mashine za kuzipigia.

Nilikwenda kutafuta santuri moja tu, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ya mwanamuziki wa dansi Mbaraka Mwinshehe na bendi yake Super Volcano, lebo ya Polydor. Baba alikuwa nayo nyumbani kwetu Changamwe, Mombasa. Ilivunjika tulipohama, na tangu hapo amekuwa akiimba tarumbeta zake kwa mdomo kila anaponyoa ndevu.

Si mara yangu ya kwanza kuitafuta. Mwaka jana niliinunua mtandaoni kwa shilingi 2,500. Muuzaji alinitumia video fupi, sindano inashuka, gitaa linaingia, sauti safi. Akaniandikia, "Iko sawa kabisa." Ilipofika nikapiga upande wa kwanza, kweli ilikuwa sawa. Nikageuza. Dakika mbili za kwanza zilivumilika, kisha tarumbeta zilipoingia nikasikia kama mtu anachana gunia. Nilimpigia simu. Jibu lake lilikuwa kwamba santuri za zamani ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo, na ndiyo sababu naandika haya.

Santuri hizi ndogo zilikuwa na nafasi finyu, dakika nne au tano kila upande. Wimbo wa dansi wa miaka ya sabini haukutosha hapo, kwa hiyo waliukata vipande viwili. Upande wa kwanza unapata mashairi, yaani kisa chote na malalamiko yote ya mapenzi. Ukigeuza, waimbaji wanawapisha wapiga magitaa na tarumbeta, watu wanainuka vitini. Sasa fikiria santuri hiyo ilikuwa ya baa, au ya nyumba yenye vijana. Ni upande gani uliorudiwa hadi sindano ikachoka? Halafu kuna jambo la ufundi. Santuri inazunguka kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, lakini mduara wa karibu na katikati ni mfupi kuliko wa pembeni. Kwa hiyo sauti za muda uleule zinabanwa kwenye sehemu ndogo zaidi ya mfereji, yaani ule mstari mwembamba ambamo sindano hupita, na sindano inapata taabu kuzifuata. Kama sindano ilikuwa kuukuu na mkono wa mashine mzito, huko ndiko inakokwangua zaidi. Tarumbeta za baba ziko hukohuko, mwisho wa upande wa pili.

Basi nilipofika kibandani na kutaja ninachotaka, zikatolewa nakala tatu kutoka kwenye rundo. Nikauliza kama naweza kusikiliza kwanza. Muuzaji hata hakunijibu kwa maneno, alikuwa ameshaiweka ya kwanza kwenye mashine. Nikamwomba aanze na upande wa pili, mwishoni. Akaniangalia, akatabasamu, akaigeuza.

Nilisimama pale kama nusu saa, nikitaja ninalolisikia, naye akinieleza. Nakala ya kwanza ilikuwa inang'aa kama mpya, ningeichagua kwa macho. Lakini ilikuwa na mlio, tk, tk, tk, unaorudi kwa mwendo sawa kila santuri inapokamilisha mzunguko. Mlio wa namna hiyo ni mkwaruzo uliokata mifereji, hauoshwi ukatoka. Niliuhesabu ukafika mara 12 kabla haujanyamaza. Ya pili ilikuwa mbaya kwa kuitazama, imejaa alama za vidole na vumbi, inapasuka-pasuka bila mpango kama mahindi ya bisi. Muuzaji akaifuta kwa kitambaa chenye unyevu, akafuata mfereji kwa mduara, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Akairudisha. Kelele nyingi zilikuwa zimekwisha. Tarumbeta zikaingia, zote, nzito, bila kukwaruza, na nyuma yake nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye simu yangu: gitaa la pili linalocheza kidogokidogo chini ya lile la solo, likijibu. Ya tatu tundu lake halikuwa katikati sawasawa, sauti ilikuwa inayumba kama mtu aliye kwenye mashua. Ile ya pili ndiyo niliyoichukua, ile chafu.

Huu ndio uzuri wa pale. Wanakuacha usikilize, hawakuangalii saa, na wanapiga kwenye spika nzuri zenye sauti ya kutosha kusikia kasoro. Mtandaoni nilinunua picha.

Baba huniambia kwamba zamani hakuna aliyenunua santuri bila kuisikia. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand, waliokuwa wakitoa taarab kwa lebo yao ya Mzuri, na Nairobi kulikuwa na River Road, duka baada ya duka, spika zimeelekezwa barabarani. Watu walisimama nje wakasikiliza mpaka wimbo ukawashika, ndipo wakaingia na pesa. Mbaraka mwenyewe alitoka Morogoro, na nyimbo zake nyingi zilitolewa Nairobi kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Baba alikuwa na miaka ishirini. Hupenda kusema kwamba wiki ile kila duka mjini lilipiga sauti yake.

Nikiwa bado kibandani nilimpigia simu, nikaielekeza kwenye spika. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Ni upande wa pili huo?" Nikamwambia ndio. "Mzima?" Mzima, baba, hadi mwisho.

Kwa anayetaka kwenda: bei inategemea santuri yenyewe, yangu ilizidi kidogo ile niliyotapeliwa nayo, na sijuti hata shilingi moja. Jipe muda wa kutosha, kwa sababu ukisikia moja utataka kusikia kumi. Kibanda ni kidogo, mkiwa watu wanne hakuna pa kugeukia, kwa hiyo mkoba mkubwa uache nyumbani. Jumamosi na Jumapili soko linajaa watu wa nyama na muziki wa kila upande, hutasikia mlio mdogo wa mkwaruzo. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Na beba kipande cha kadibodi ngumu cha kufungia santuri kila upande, hasa kama itasafiri kwa basi. Yangu imeondoka jana usiku kwenda Mombasa, imefungwa kwa kadibodi mbili na taulo, na dereva nimemwomba aiweke mbele, mbali na joto la injini.