Nguzo ndefu ya siti kwa baiskeli ya milimani: uzoefu wangu na Thomson Elite ya milimita 410

Nguzo ya siti ni lile bomba linaloingia kwenye fremu na kubeba siti. Ninayoitumia ni Thomson Elite iliyonyooka, kipenyo milimita 31.6, urefu milimita 410. Kwa mwendeshaji mwenye miguu mirefu anayepita kwenye mawe na mizizi, naipendekeza bila kusita. Lakini namba ya kuangalia kwanza si hiyo 410. Nguzo ya siti huvunjika, au huvunja fremu, kwa sababu ya milimita chache zilizobaki ndani ya bomba la siti la fremu, na watu wengi hununua kwa kuangalia zile zinazoonekana nje.

Hesabu huanza mwilini. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu na ukivute juu hadi kigonge mfupa, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mtu mwenye sentimita 90 anapata takriban milimita 795, na huo ndio umbali wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono ya pedali) hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Ondoa urefu wa bomba la siti la fremu yako, kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wake wa juu. Ondoa tena unene wa siti kuanzia reli zake hadi juu, ambao kwa siti nyingi ni kama milimita 45. Ya kwako ipime. Kinachobaki ni sehemu ya nguzo itakayokuwa nje.

Kwa fremu yenye bomba la milimita 460: 795 toa 460 toa 45, unabaki na 290 nje. Nguzo ya 410 inakuachia 120 ndani. Hapo mambo ni mazuri. Sasa chukua mtu yuleyule, mpe fremu yenye bomba la 430. Nje zinakuwa 320, na nguzo ileile inaacha 90 tu ndani. Mimi hapo sitoi ruhusa. Nataka angalau 100, na zaidi ya hapo nataka kitako cha nguzo kipite chini ya kiungo ambacho bomba la juu limechomelewa kwenye bomba la siti. Fremu nyingi za siku hizi zina bomba la siti lililochomoza juu ya kiungo hicho, wakati mwingine kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo nguzo inaweza kuwa na milimita 90 ndani na bado ikaishia mahali ambapo hakuna kitu cha kuishikilia zaidi ya bomba jembamba.

Mstari wa kikomo uliochorwa kwenye nguzo, unaoonyesha iingie angalau kiasi gani, hauondoi tatizo hili. Viwango vya kimataifa vya usalama wa baiskeli, ISO 4210, vinataka mstari huo uwe juu ya kitako cha nguzo kwa umbali usiopungua kipenyo mara mbili. Kwa nguzo ya 31.6 hiyo ni milimita 63. Kikomo hicho kinahusu nguzo. Hakijui fremu yako ina umbo gani. Mtengenezaji wa fremu naye huwa na kikomo chake kwenye kitabu cha maelekezo, na kati ya viwili unafuata kile kinachodai nguzo iingie zaidi.

Tazama nguvu zenyewe. Bomba la siti lenye mwinamo wa digrii 73 likipokea mzigo wa newtoni 900 kutoka juu, kama mtu mzito anapotua kwenye siti baada ya tuta dogo, sehemu ya newtoni 263 hivi inasukuma nguzo ipinde kuelekea nyuma. Kwa milimita 290 za nje, kipindo (msukumo wa kupinda) kwenye ukingo wa fremu ni takriban newtonimita 76. Kama nje zingekuwa 190, kingekuwa 50. Nguzo inafanya kazi kama wenzo: inaegemea ukingo wa nyuma wa bomba, na kitako chake kinasukuma ukuta wa mbele kwa ndani. Zikiwa milimita 120 ndani, msukumo huo wa kitako ni kama newtoni 640. Zikiwa 63, unapanda hadi zaidi ya 1200. Mwili ni uleule, njia ni ileile, na fremu inabeba karibu mara mbili. Ndiyo maana nyufa nyingi za bomba la siti kwenye fremu za alumini huanzia kwenye mwanya wa kubania, ule mkato ulio juu ya bomba, au karibu na weldingi ya bomba la juu.

Kipenyo hakichaguliwi kwa kupenda, fremu ndiyo inayoamua. Saizi unazokutana nazo zaidi kwenye baiskeli za milimani ni 27.2, 30.9, 31.6 na 34.9, ila fremu za zamani zina saizi nyingine nyingi zinazopishana kwa milimita 0.2, kwa mfano 26.8 au 27.0. Toa nguzo ya sasa usome namba iliyogongwa karibu na mstari wa kikomo. Kama imefutika, pima nguzo yenyewe kwa vernia (kipimo cha vipenyo vidogo) sehemu mbili tofauti, maana mdomo wa bomba la fremu mara nyingi umeshabanwa ukapoteza duara lake. Nguzo pungufu ya milimita 0.2 itaingia na itaonekana iko sawa. Kisha itashuka kidogo kidogo ukiwa njiani, utakaza zaidi kibano, ile pete inayobana nguzo kwenye fremu, mdomo wa bomba utajikunja, na mwisho wake ni ufa.

Anayenunua fremu mpya, ana miguu mirefu na uzito mkubwa, aifanye saizi ya kipenyo kuwa sababu ya kuchagua. Kwa ukuta wa milimita 2, nguzo ya 31.6 ina uwezo wa kuhimili kipindo takriban asilimia 39 zaidi ya ile ya 27.2. Nguzo nyembamba ina raha yake, inanepa na kupunguza mtikisiko mgongoni, na kwa mtu mwepesi mwenye milimita 200 nje ningeichagua. Kwa 290 nje, hapana.

Sasa kichwa, sehemu inayoshika siti, na hapa ndipo Thomson inapolipa gharama yake. Kichwa na shina (bomba la nguzo lenyewe) vimechongwa kutoka kipande kimoja cha alumini, hakuna kiungo kilichogandishwa kwa gundi wala kilichoshindiliwa. Kwa ndani tundu lake lina umbo la yai, kwa hiyo ukuta ni mnene mbele na nyuma, pale mzigo unapolala, na mwembamba pembeni. Siti inashikwa na bolti mbili, moja mbele na moja nyuma. Unalegeza moja, unakaza nyingine, pua ya siti inapanda au kushuka kwa kiasi kidogo sana. Bolti mbili za namna hii si rahisi kuachia mwinamo ghafla. Kichwa cha bolti moja kinategemea meno madogo yanayong'ata. Meno yakishachakaa, siti inainamisha pua au kuinua kila unapotua kwa nguvu, na kukaza zaidi kunayamaliza kabisa. Kichwa cha kizamani, kile kibano cha chuma kinachovalishwa juu ya shina jembamba na kukazwa kwa nati za pembeni, hakifai kabisa kwa nguzo ndefu njiani milimani.

Kuhusu metali: alumini ya 6061 huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa karibu megapaskali 275, ya 7075 inakaribia 500. Kwa hiyo nguzo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana. Chuma cha kromoli ni kizito lakini kinapinda na kukuonya kabla ya kukatika. Titani ni imara, inanepa na ni ghali. Kaboni ni nyepesi na inatuliza mtikisiko vizuri, ila mkwaruzo wa kuzunguka pale kibano kinapokaa unatosha kuidhoofisha, na ikifika mwisho haitoi taarifa. Kwa nguzo iliyochomoza sana, na kwa mtu anayeangusha baiskeli mara kwa mara, mimi nabaki na alumini nzuri.

Nguzo ndefu ichukue iliyonyooka, isiyorudisha siti nyuma. Kwa mwinamo wa digrii 73, kila milimita 100 unazopandisha zinarudisha siti nyuma milimita 29 zenyewe. Ukiongeza kichwa kinachorudi nyuma milimita 20, uzito wako unahamia zaidi kwenye tairi la nyuma, mbele inakuwa nyepesi kwenye mlima mkali, na wenzo umeuongeza bure.

Kufunga. Futa ndani ya bomba la siti kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, na upapase kama kuna kingo za chuma zilizobaki kwenye mdomo. Zisugue kwa msasa laini. Angalia bolti za kishikio cha chupa kama zinachomoza ndani. Nguzo ya alumini kwenye fremu ya alumini au chuma paka grisi nyembamba sehemu yote itakayoingia. Bila grisi, maji na chumvi ya jasho hugandisha metali hizo pamoja hadi nguzo isitoke tena. Kwenye fremu au nguzo ya kaboni usipake grisi, tumia paste maalumu yenye chembechembe. Mwanya wa kibano ugeuze upande wa pili wa mwanya wa fremu, usivilinganishe. Hivyo kibano kinabana duara lote. Kibano cha bolti mara nyingi kinataka newtonimita (Nm) 5 hadi 6, soma kilichoandikwa juu yake. Bolti za kichwa cha Thomson zisizidi Nm 6.8. Kaza mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa zamu, ukihakikisha reli zimekaa kwenye mifereji yake na zimeshikwa ndani ya alama zilizochorwa kwenye reli. Panda, endesha mwendo mfupi, kisha rudia kukagua mkazo.

Mlio wa kukwaruza kila ukikanyaga pedali ukiwa umeketi, unaopotea ukisimama, karibu kila mara unatoka kwenye nguzo au reli. Toa, safisha, paka grisi upya. Ukiwa umeitoa, tazama mbele ya shina mahali ilipokuwa ikigusana na kibano. Nguzo inapinda kuelekea nyuma, kwa hiyo upande wa mbele ndio unaovutwa, na ufa huanzia huko. Pitisha ukucha: mkwaruzo wa kawaida unafuata urefu wa nguzo, ufa unakata upana. Angalia pia chini kidogo ya kichwa. Alumini huchoka kwa mizigo inayojirudia hata kama hakuna siku uliyoanguka vibaya, na nguzo iliyopinda hainyooshwi, inatupwa.

Kuhusu bushi ya kupunguza kipenyo, inaruhusiwa pale fremu ni 31.6 na nguzo uliyonayo ni 27.2, mradi bushi iwe ndefu, milimita 100 hivi, na iwe na ukingo juu usioiruhusu kuzama. Bushi fupi inaikaba nguzo shingoni tu na kuacha kitako kikicheza. Lakini kwa nguzo ndefu, kununua ya kipenyo kamili ni bora.

Fremu zenye springi ya nyuma zina mtihani wake. Bomba la siti mara nyingi limepinda au limekatizwa na ekseli za springi, kwa hiyo nguzo ndefu inaweza kugoma kushuka. Ingiza kijiti kilichonyooka, pima kina kabla ya kununua. Nguzo ya alumini ikizidi, inakatwa chini kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisha kingo zinalainishwa kwa tupa. Ukikata, mstari wa kikomo uliochorwa haufai tena, kwa sababu ulipimwa kutoka kwenye kitako cha zamani. Chora mpya kwa umbali uleule kutoka kitako kipya, na usiipandishe siti zaidi yake.